Unix Ilianzia Kwenye Mashine Iliyosahaulika

Kabla hujamcheka mtu kwa kubeba simu ya mtumba, sikiza hii. Ile Android iko mfukoni mwako inasimama juu ya Linux, na Linux iliundwa kwa mfano wa Unix. Unix nayo ilianzia kwenye kompyuta ambayo hakuna mtu alikuwa anaigombania.

Mwaka ni 1969, Bell Labs, jimbo la New Jersey, Marekani. Kampuni imejitoa kwenye mradi mkubwa wa Multics, na wakubwa hawataki kusikia habari ya kununua mashine nyingine ya bei. Ken Thompson ana mchezo wake, Space Travel, wa kuendesha chombo kati ya sayari. Kuucheza mara moja kwenye kompyuta kubwa ya kampuni kunakula kama dola 75. Anazunguka, anapata PDP-7 isiyotumika sana. Bei yake ikiwa mpya ilikuwa kama dola 72,000. Iliitwa minikompyuta, lakini ni makabati ya chuma yaliyopangwa kama ya ofisini, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 18 hivi. Picha moja ya WhatsApp inaizidi mara kadhaa. Hapo ndipo Thompson aliandika Unix ya kwanza.

Baadaye Bell Labs ikapata PDP-11, Unix ikahama, na msimbo wa mwanzo ukasahaulika. Kilichobaki ni karatasi zilizochapishwa. Nakala zake zilijitokeza 2016, wapenzi wa historia wakauchapa msimbo upya na kuandika wenyewe vipande vilivyokosekana. Lakini msimbo bila mashine ni kama kanda bila redio, na PDP-7 zilizobaki duniani unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Jumba la Living Computers, Seattle, lilikuwa nayo. Mashine ya umri huo huwezi kuichomeka tu kwa soketi. Kapasita zilizolala miaka mingi zinaweza kulipuka, kwa hivyo mafundi huzipima na kupandisha umeme polepole. Kisha wanasafisha viunganishi na kupitia kadi moja moja, transista kwa transista. Diski ambayo Unix ilihitaji haikuwepo, basi wakaunda kifaa kipya cha kujifanya diski hiyo. Mwaka wa 2019, miaka 50 baadaye, Unix ya kwanza ikaamka juu ya chuma chake halisi.

Iliwezekana kwa sababu moja ambayo fundi yeyote wa Luthuli Avenue ataielewa haraka: michoro ilikuwepo. Digital Equipment Corporation, waliotengeneza PDP-7, waliuza mashine pamoja na michoro ya saketi zake. Mteja alitarajiwa kufungua, kuelewa, hata kuongeza vyombo vyake. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Compaq 1998 na jina likafifia, lakini karatasi zake bado zinafanya kazi.

Usidhani hadithi iliishia kwa makofi. Jumba lile lilianzishwa na Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, aliyefariki 2018. Corona ilipoingia 2020 milango ikafungwa, na 2024 ikatangazwa kwamba haitafunguliwa tena. Vitu kadhaa vya mkusanyiko wake vikapelekwa mnadani Christie's. Pesa za tajiri mmoja zilifufua mashine, ila hazikutosha kuilindia makao.

Kwa hivyo kuna vitu viwili vya kuweka: mashine, na maarifa ya kuifungua. La kwanza linaweza kuuzwa. La pili likisambaa kwa watu wengi, mnada haulifikii.

Sasa geuza simu yako uangalie mgongo wake. Umegundishwa kwa gundi, na mchoro wa saketi fundi wako anautafuta kwa njia za panya. Miaka 50 ijayo, mtu akitaka kujua sisi tuliishi vipi na hicho kidude, atakiwasha na nini?