Boriti na Nyumba za Mawe za Mikindani

Historia ya watu wa pwani ya Mtwara imeandikwa pia katika nyumba zao. Wageni wa Dayosisi wapitao Mikindani huona kando ya ghuba magofu ya nyumba za mawe. Kuta nyingi zingalipo. Kilichotoweka ni dari. Chanzo chake mara nyingi ni boriti.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Juu ya kuta zilipangwa boriti za mikoko, miti ambayo maingilio ya Mto Ruvuma yamejaliwa kuwa nayo kwa wingi. Juu ya boriti vikawekwa vipande vya mawe, kisha chokaa ikashindiliwa. Dari hiyo ni nzito, na mkoko una kipimo chake. Ndiyo maana vyumba vya kale, tangu Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mara nyingi chini ya meta 3. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi kusimamisha nguzo katikati, kama ilivyofanyika katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, au kupitisha boriti kuu ya mti mgumu chini ya zile ndogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga, na biashara ikahama Mikindani. Nyumba zikakosa watunzaji. Maji ya mvua yakapenya, mchwa wakafuata. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizofichwa ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Mwenye nyumba hushtukia dari imelegea.

Kuingiza boriti mpya katika nyumba inayokaliwa ni kazi ya subira. Kwanza dari huegemezwa kwa miega pande zote mbili, nayo miega husimamishwa juu ya mbao pana ili isididimie. Ndipo tundu huchimbwa ukutani, boriti iliyooza hutolewa, na mpya huingizwa ikiwa na egemeo la kutosha kila upande. Hubadilishwa moja baada ya moja, wala miega haiondolewi kabla chokaa haijashika. Fundi anayeziba matundu kwa saruji ngumu hufungia unyevu ndani ya ukuta. Naye anayetumia chuma asikikinge, hewa ya chumvi humlia chuma chake.

Kwamba kazi hiyo yawezekana, Boma la Mikindani ni ushahidi. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likaachwa hata likachakaa sana, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 likakarabatiwa na shirika la Trade Aid kutoka Uingereza na kufanywa hoteli.

Lakini boriti nazo zina asili yake. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ukataji wa mikoko huhitaji kibali. Mikoko hiyo huzuia mmomonyoko wa pwani na kulea mazalia ya samaki. Kizazi kilichorithi nyumba hizi, kwa hiyo, kimerithi mambo mawili ya kutunza pamoja: ukuta uliojengwa na wazee, na msitu ulioubebea dari.