Kura zilizoharibika zinavyobadili asilimia za ushindi

MKAZI wa Buzuruga, Manispaa ya Ilemela, anayefika kituoni siku ya uchaguzi na kukuta jina lake halimo katika daftari la kituo hicho, hapigi kura. Sheria za Tanzania hutoa kibali cha kupiga kura nje ya kituo kwa watu wachache tu, wakiwamo watendaji wa uchaguzi walio kazini. Aliyepoteza kadi ana nafuu kidogo, kwani katika uchaguzi wa mwaka 2020 Tume iliruhusu kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, mradi jina liwe lilelile lililo daftarini. Asiyekuwamo daftarini hurudi nyumbani, na hahesabiwi popote.

Nchini Marekani mtu kama huyo angepewa karatasi. Sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwaka 2002 iliagiza kwamba mpigakura ambaye jina lake halionekani apewe kura ya masharti, ambayo hutiwa katika bahasha na kuwekwa kando hadi maofisa wahakikishe kwamba ana haki ya kupiga kura. Kwa hiyo matokeo yanayotangazwa usiku wa uchaguzi huwa hayajakamilika. Mwaka 2004, katika jimbo la Ohio, Bush alikuwa mbele ya John Kerry kwa kura zipatazo 136,000, huku bahasha zaidi ya 150,000 zikiwa hazijafunguliwa. Kerry alikubali kushindwa siku iliyofuata baada ya kuona kwamba hata zikihesabiwa hazingetosha kumwokoa. Zaidi ya robo tatu zilikubaliwa, na pengo likapungua hadi chini ya kura 119,000.

Tanzania haina bahasha za kusubiri. Kura huhesabiwa kituoni mara baada ya upigaji kura kufungwa, mbele ya mawakala wa vyama, na nakala ya matokeo hubandikwa kituoni hapo. Kutoka Buzuruga hesabu za udiwani hujumlishwa kwenye kata, za ubunge kwenye jimbo, na za urais hupelekwa kutoka jimboni hadi Tume. Idadi inayotangazwa hupanda kadiri majimbo yanavyowasilisha, na subira hiyo ina gharama zake. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 31, 2010, jijini Mwanza kulikuwa na mvutano wakati wafuasi wa vyama wakisubiri matokeo ya Nyamagana na Ilemela. Majimbo yote mawili hatimaye yalichukuliwa na CHADEMA: Ezekia Wenje alimshinda Lawrence Masha, na Highness Kiwia akamshinda Anthony Diallo.

Lakini kuna kura ambazo zimo sandukuni na bado hubadili picha ya ushindi, nazo ni zilizoharibika. Ni karatasi zisizo na alama yoyote ya mpigakura, zilizowekewa alama kwa wagombea zaidi ya mmoja, au zenye alama isiyoonyesha nani amechaguliwa. Hazimpi mgombea yeyote kura. Swali ni kama zinaingia katika jumla inayotumika kukokotoa asilimia, na jibu la Tume limewahi kubadilika bila wasomaji wengi kutambua.

Novemba 2010, Tume iliyokuwa chini ya Jaji Lewis Makame ilimtangaza Jakaya Kikwete kuwa mshindi kwa kura 5,276,827, sawa na asilimia 61.17. Dk. Willibrod Slaa alipewa asilimia 26.34. Kigawanyo kilikuwa kura zote zilizopigwa, zaidi ya milioni 8.6, zikiwamo zilizoharibika zaidi ya 227,000. Miaka mitano baadaye Jaji Damian Lubuva alimtangaza John Magufuli kwa kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Safari hii kigawanyo kilikuwa kura halali pekee, 15,193,862. Zilizoharibika 402,248 zilitajwa kando.

Hivyo anayesema ushindi wa CCM ulishuka kutoka asilimia 61 hadi 58 analinganisha vipimo viwili tofauti. Kwa kura halali, Kikwete alipata asilimia 62.83, na anguko halisi ni zaidi ya asilimia nne badala ya chini ya tatu. Kwa kipimo cha 2010, Magufuli angetangazwa na takriban asilimia 57. Kura za wagombea hazibadiliki hata moja, na hapo ndipo magazeti, likiwamo kundi kubwa la waandishi wenye haraka, hunasa.

Kenya suala hilo liliamuliwa mahakamani. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, yaani kura zipatazo 8,400 tu juu ya nusu inayotakiwa na Katiba ya nchi hiyo. Jumla hiyo ilijumuisha kura 108,975 zilizokataliwa. Siku za mwanzo ubao wa matokeo ulionyesha zaidi ya 300,000, hadi tume ya uchaguzi ya nchi hiyo ilipoeleza kwamba programu ya kompyuta ilikuwa ikizizidisha mara nane. Mahakama ya Juu iliamua kuwa kura zilizokataliwa hazipaswi kuingizwa katika kukokotoa asilimia. Kwa msingi huo Kenyatta alikuwa na takriban asilimia 50.5.

Hapa nchini sharti la zaidi ya nusu kwa mgombea urais liliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mshindi, na matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume hayahojiwi mahakamani. Ndiyo sababu kigawanyo kiliweza kubadilishwa kati ya 2010 na 2015 bila mtu kupoteza kiti. Asilimia huwa na nguvu ya kisheria mahali pengine: viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano katika kura za ubunge, na hapo Katiba imeandika bayana kwamba zinazohesabiwa ni kura halali.