Kila Mtu na Lwake?

Tumezoea kusema Wazungu ni watu wa "kila mtu na lwake", na sisi ni watu wa jamaa. Lakini je, historia yasemaje? Tuwasikilize wawili.

Wa kwanza ni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332. Tauni iliyoingia huko 1348 iliwachukua wazazi wake wote wawili yeye akiwa bado kijana. Mwaka 1377, akiwa ngomeni katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimaliza kuandika Muqaddima. Humo alieleza *asabiyya*, yaani ule mshikamano wa kuona shida ya mwenzio ni yako. Watu wa jangwani wanao sana, alisema, maana huko mtu peke yake hawezi kujilinda. Lakini wakishapata ufalme na kuhamia mjini, raha huwalegeza. Vizazi vitatu, kila kimoja kama miaka 40, na nguvu imekwisha. Na hapo hakuwa akisema Wazungu! Alikuwa akisema Waarabu na Waberiberi, Waislamu wenzake.

Wa pili ni Mfaransa, Alexis de Tocqueville, aliyezuru Marekani mwaka 1831. Katika kitabu chake cha 1840 aliandika kwamba pale ambapo watu wote wako sawa, mtu hujitenga pamoja na jamaa zake na marafiki, akaiacha jamii kubwa ijitazame yenyewe. Lakini kilichomshangaza ni kuwa Wamarekani haohao, likitokea jambo, huunda chama: cha kujenga shule, hospitali, hata kugawa vitabu. Hiyo ndiyo dawa aliyoiona.

Basi ujamaa si damu tu. Wa kurithi huyeyuka, na wa kujenga huwezekana popote.

Mimi nimekulia mtaa ambao sinia la futari halikosi kuvuka kwa jirani. Nilipofika chuoni Nairobi, Ramadhani ya kwanza nilifuturu peke yangu chumbani, tende na chai. Siku ya kumi ndiyo nikajua kijana wa chumba cha pili naye afunga, naye afuturu peke yake. Ukuta mmoja tu! Hakuna Mzungu aliyetukataza kujuana. Kesho yake tulichanga, tukapika chungu kimoja, na kabla ya Idi tulikuwa saba.

Wewe je, jirani yako leo amefuturu na nani?