Kahawa ya Kilimanjaro: Hatua ya Tatu

Wanangu mnaokulia hapa Amherst, kila Desemba 9 tunawaambia kwamba tulipata uhuru mwaka 1961. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kuudai wao mapema zaidi.

Hatua ya kwanza ilikuwa haki ya kulima. Walowezi wa Kizungu hawakutaka Mwafrika apande arabika, wakidai shamba lake lingeeneza magonjwa. Mwaka 1925 wakulima Wachaga, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama cha KNPA kuilinda kahawa yao.

Hatua ya pili ilikuwa kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, uliokusanya kahawa ya vyama vya msingi na kuiuza kwa sauti moja.

Hatua ya tatu haijakamilika. Kahawa yetu nyingi huondoka ikiwa buni mbichi. Hukaangwa, kusagwa na kufungashwa ng'ambo, na huko ndiko bei inakopanda. Lakini inawezekana kufanyika nyumbani: kiwanda cha Tanica, Bukoba, hutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji moto.

Mimi ni muuguzi, na kahawa ndiyo inayonivusha zamu ya usiku. Kwa miaka mingi nilinunua bila kuigeuza pakiti. Siku hizi nasoma imelimwa wapi, na imekaangwa wapi. Ni nadra kukuta jibu moja.

Nanyi igeuzeni, wanangu. Babu zenu walipiga hatua mbili. Ya tatu inawasubiri.