Jinsi ya kuteua mamluki katika mchezo wa Jagged Alliance 2

MAMLUKI ni askari anayepigana vita visivyo vyake kwa ajili ya ujira. Miongoni mwa michezo ya tarakilishi inayohusu askari wa aina hii, Jagged Alliance 2, uliotungwa na kampuni ya Sir-Tech Canada na kutolewa mwaka wa 1999, ungali una wapenzi wengi hadi leo.

Katika mchezo huu, Enrico Chivaldori, kiongozi aliyepinduliwa, humkabidhi mchezaji jukumu la kuikomboa Arulco, nchi ya kubuni, kutoka mikononi mwa Malkia Deidranna. Mchezaji hapewi jeshi. Hupewa fedha na tarakilishi ndogo ya kubebwa, kisha ajitafutie watu. Kwa sababu hiyo, vita huanza kushindwa au kufaulu kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa.

Fedha

Anayecheza katika kiwango chepesi huanza na dola 45,000. Katika kiwango kigumu huwa na dola 30,000 pekee. Kiasi hiki chaweza kuonekana kikubwa, lakini wapiganaji mashuhuri kama vile Gus Tarballs na Shadow hudai ujira unaoweza kukikausha kibweta kwa muda mfupi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mapato ya kudumu hutoka katika migodi ya miji kama Drassen, Alma na Cambria, nayo sharti itekwe kwanza. Hivyo basi, kikosi cha mwanzo ni kile kitakachoweza kufika Drassen na kuutwaa mgodi wake kabla ya fedha kwisha.

Hatua ya kwanza inayofaa ni kujitungia mhusika wako mwenyewe kwa dola 3,000. Baada ya malipo hayo hadai mshahara tena hadi mwisho wa mchezo. Unaweza kumgawia sifa zake, ila hakuna sifa inayoweza kuzidi alama 85 mwanzoni. Aidha, katika mji wa Omerta, waasi humtoa Ira ajiunge nawe bila malipo. Si mpiganaji hodari, lakini anajua kutibu majeruhi na kuwafunza raia kuwa wanamgambo.

Sifa

Shirika la A.I.M. huonyesha jalada la kila askari, likiwa na alama za shabaha, afya, wepesi, ustadi wa mikono, nguvu, uongozi, busara, ufundi wa mitambo, vilipuzi na tiba. Wachezaji wageni huangalia shabaha tu. Hilo ni kosa, kwani kikosi cha walenga shabaha watupu hukwama kwenye mlango uliofungwa, na majeruhi wao hutokwa na damu hadi kufa.

Sifa inayopuuzwa zaidi ni busara. Askari mwenye busara nyingi hujifunza upesi, hivi kwamba mtu wa bei nafuu leo aweza kuwa hodari baadaye. Mfano mzuri ni daktari Michael Dawson, aitwaye MD, ambaye ni mchanga katika vita lakini ni mwepesi wa kujifunza. Barry Unger naye hufaa kwa ajili ya vilipuzi na mitambo, na Fox huchanganya tiba na uwezo wa kupigana kwa ujira unaostahimilika. Kikosi kimoja huwa na watu sita. Tabibu mmoja na fundi mmoja ni lazima.

Mkataba

Askari wa A.I.M. huajiriwa kwa siku moja, juma moja au majuma mawili. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo gharama ya kila siku inavyopungua. Mkataba wa siku moja unafaa pale tu unapohitaji bunduki ya ziada kwa shambulio moja. Zingatia pia kuwa askari anayepanda daraja atadai nyongeza utakapotaka kumwongezea muda, na kwamba wengine hutaka amana ya matibabu.

Baada ya siku chache hutokea shirika jingine, M.E.R.C., ambalo watu wake ni wa bei rahisi na hulipwa kwa mkopo. Deni hilo lisipolipwa, huduma husitishwa. Wengi wao, kama Biff, hawana ujuzi mkubwa. Watumie kulinda miji na kukarabati silaha.

Tabia

Jalada halisemi yote. Kuna wasiostahimili joto, wenye hofu ya mahali pafinyu, na wasahaulifu. Isitoshe, askari hawa hupendana na kuchukiana. Buns hampendi Fox, na kuwaweka pamoja ni kukaribisha manung'uniko. Kwa upande mwingine, Ivan Dolvich na Igor, mtoto wa nduguye, huelewana vyema.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Anayeuawa harudi, na kifo chake huwavunja moyo waliobaki, hasa rafiki zake. Habari pia huenea: kamanda anayepoteza watu wengi hukataliwa na askari anaowapigia simu, hata akiwa na fedha. Kumtanguliza mtu wa bei nafuu afe badala ya wengine si njia ya kubana matumizi.

Mchezo mwingine katika mfululizo huu, Jagged Alliance 3, ulitolewa Julai 2023, na nchi yake ya kubuni, Grand Chien, imewekwa barani Afrika. Kwa msomaji wa Kiafrika, hapo mzaha hukaribia historia. Mamluki walipigana Kongo katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1978 Bob Denard, raia wa Ufaransa, aliongoza wenzake kuipindua serikali ya Komoro. Mwaka wa 1977, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mjini Libreville mkataba wa kukomesha umamluki barani. Kwenye skrini, mchezaji anaweza kuanza upya akikosea uteuzi wake. Wakazi wa Moroni na Kisangani hawakupata nafasi hiyo.