Rili za uvuvi wa ufuoni: Kinga dhidi ya mchanga ndiyo thamani

ANAYEVUA kwa mshipi akiwa amesimama ndani ya mawimbi ana maadui wawili wasiochoka: maji ya chumvi na mchanga. Wote huiandama rili, yaani kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ili kukunja na kuachilia mshipi. Ndani yake mna gia, beringi na breki ya kumchosha samaki. Chembe chache za mchanga zatosha kuzisaga gia hadi zikwame.

Ndiposa rili za bei ghali hazifai kulinganishwa kwa kasi wala wingi wa beringi pekee. Swali la kwanza ni hili: Inazuiaje maji?

Swali hilo lina uzito mkubwa Montauk, jimbo la New York, Marekani. Huko baadhi ya wavuvi huvalia mavazi ya mpira na kuogelea usiku hadi miambani, wakimsaka samaki mwenye milia wa jamii ya bass. Rili huzama pamoja nao.

Wengi wao husifu Van Staal. Mwili wake ni wa alumini ngumu, na kila upenyo umezibwa kwa mpira. Aina yake mashuhuri haina ule waya wa kuukamata mshipi. Mvuvi huurejesha kwa kidole. Kwa mgeni huo ni usumbufu, lakini waya usiokuwepo haupindwi na mwamba, wala haujifungi ghafla chambo kikiwa angani na kuukata mshipi.

Saltiga ya kampuni ya Daiwa, Japani, hutumia mbinu tofauti: mafuta yanayovutwa na sumaku, ambayo huziba mwanya bila kukwaruza ekseli. Mafuta ya aina hiyo yalibuniwa mwaka wa 1963 na Steve Papell wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Kwa hivyo rili hiyo huzunguka kwa wepesi. Hata hivyo, kizuri hakikosi ila: ukitia mafuta ya kawaida mahali hapo, kinga huharibika. Matengenezo yake ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Stella SW ya Shimano, pia ya Japani, husifika kwa gia imara na breki laini. Hukinga maji kwa mifereji iliyopindapinda na grisi inayoyafukuza. Saizi zake kubwa hupita dola 1,000 za Marekani.

Penn Slammer IV huuzwa kwa bei ya chini zaidi, ikiwa na kiwango cha IPX6. Maana yake ni kwamba huhimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Kuzamishwa ni jambo jingine, linalopimwa kwa viwango vya IPX7 na IPX8. Isitoshe, vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi. Havisemi lolote kuhusu chumvi na mchanga.

Basi anayeingia majini anunue iliyozibwa kabisa. Anayevua akiwa mchangani, asikofikiwa na mawimbi, hana haja ya kulipia kinga asiyoitumia.

Yoyote utakayochagua, kaza breki kabla ya kuisuuza, uimwagie maji baridi polepole, kisha uilegeze kabla ya kuihifadhi. Maji ya bomba yenye nguvu husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.