Pajero: Gari Lililopendwa Ugenini Likakosa Wanunuzi Kwao

Pajero zingali nyingi katika barabara za Afrika Mashariki, hata mtu anaweza kudhani kuwa zinaendelea kutengenezwa. Ukweli ni kwamba kampuni ya Mitsubishi iliacha kutengeneza Pajero za kuuzwa Japani mwezi Agosti 2019, na mwaka 2021 zikakoma pia zile za kupelekwa nchi za nje. Kiwanda cha Sakahogi, kilichokuwa na jina la gari hilo, nacho kikafungwa. Wengi hutaja upesi janga la korona, masharti makali ya moshi, au wateja kuhamia magari madogo. Sababu hizo zina ukweli, lakini hazitoshi. Ukifuata historia ya gari hili tangu mwanzo, utaona kwamba kifo chake kilianza zamani, siku wanunuzi wa nyumbani walipopungua huku mwenye kiwanda akiwa hana tena fedha za kulifanya upya.

Mitsubishi haikuingia katika biashara hii kwa kubahatisha. Tangu 1953 ilikuwa ikiunda Jeep nchini Japani kwa leseni ya kampuni ya Willys ya Marekani, kwa hiyo mafundi wake walilijua vizuri gari la kuendesha magurudumu yote manne. Mwaka 1973 ilionyesha gari la majaribio lililoitwa Pajero katika maonyesho ya Tokyo, na mwaka 1982 Pajero yenyewe ikaingia sokoni. Wazo lake lilikuwa kuchukua ugumu wa Jeep na kuutia ndani ya gari ambalo familia ingeweza kusafiria bila kuchoka. Mwaka uliofuata likaingia mashindano ya Paris-Dakar, na mwaka 1985 likashinda. Hadi 2007 Mitsubishi ilikuwa imetwaa ushindi wa jumla mara 12, saba kati ya hizo mfululizo. Mwaka 1997 Kenjiro Shinozuka akawa Mjapani wa kwanza kushinda mbio hizo, na mwaka 2001 Jutta Kleinschmidt wa Ujerumani akawa mwanamke wa kwanza. Mchanga wa Sahara uliitangaza Pajero kuliko tangazo lolote la kulipiwa, na gari likauzwa katika nchi zaidi ya 170, likiitwa Montero kwingine na Shogun Uingereza.

Pamoja na sifa hizo zote za nje, uti wa mgongo wa Pajero ulikuwa Japani. Sakahogi ni mji mdogo wa mkoa wa Gifu, kando ya mto Kiso. Kiwanda chake kilikuwa cha kampuni iliyoitwa Toyo Koki, na mwaka 1995 kampuni hiyo ilibadili jina ikajiita Pajero Manufacturing. Si jambo la kawaida kiwanda kizima kujiita kwa jina la gari moja, lakini miaka hiyo uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Wajapani walikuwa wamezama katika mapenzi ya magari ya kwenda milimani na kwenye theluji, na mwaka 1992 peke yake Pajero zaidi ya 83,000 ziliuzwa nchini humo. Wateja wengi kiasi hicho hulipa gharama ya mitambo, hulipa mishahara, na huacha akiba ya kubuni toleo jipya. Fedha za nyumbani ndizo zilizoiwezesha kampuni kuleta kizazi cha pili mwaka 1991 na cha tatu mwaka 1999. Hicho cha tatu kiliacha mtindo wa bodi kukalishwa juu ya chesisi, kikawa na bodi na fremu vilivyoshikamana. Gari likawa tulivu zaidi barabarani, lakini muundo wake ukawa wa peke yake, tofauti na ule wa pikapu za kampuni hiyo hiyo ambazo zingeweza kugawana nalo gharama.

Mahali hapo ndipo penye fundo la mkasa huu. Gari lenye muundo wa peke yake linahitaji mauzo makubwa ya peke yake. Mwaka 2000 ilibainika kwamba Mitsubishi ilikuwa imeficha kwa miaka mingi malalamiko ya wateja kuhusu kasoro za magari yake, na mwaka 2004 kashfa ikaibuka tena. DaimlerChrysler, iliyokuwa mbia mkubwa, ikakataa mwaka huo kuongeza mtaji. Kampuni ikayumba wakati uleule ambao Pajero ilipaswa kuandaliwa mrithi. Kilichotoka mwaka 2006 kikaitwa kizazi cha nne, lakini msingi wa bodi ulikuwa wa kizazi cha tatu, uliorekebishwa na kuvishwa sura mpya. Injini ya dizeli ya lita 3.2 nayo ilitoka huko huko. Gari hilo likauzwa kwa miaka 15 bila kuundwa upya. Mwaka 2016 kukazuka kashfa nyingine, ya takwimu za matumizi ya mafuta, na Nissan ikanunua asilimia 34 ya hisa. Miaka ya mwisho mauzo ya Pajero nchini Japani yalishuka hadi chini ya 1,000 kwa mwaka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Pajero ilikuwa bado inacheza, lakini watunzaji walikuwa wameondoka.

Wanaosema korona ndiyo iliyoua Pajero wanasahau tarehe. Uamuzi kuhusu soko la Japani ulitekelezwa mwaka 2019, kabla ugonjwa huo haujaenea duniani. Ni kweli kwamba mpango wa kufunga kiwanda ulitangazwa Julai 2020, Mitsubishi ilipokadiria hasara ya yeni bilioni 360 kwa mwaka huo wa fedha, lakini janga liliharakisha tu jambo lililokuwa likija. Wanaotaja masharti ya moshi na usalama wana hoja nzito zaidi, kwa kuwa gari la msingi wa 1999 haliwezi kukidhi masharti mapya bila gharama kubwa. Hata hivyo, masharti hayohayo yaliikabili Toyota, na Land Cruiser Prado ikapata mrithi. Sheria humshinda yule asiyeweza kulipia mabadiliko. Na wanaodai kwamba watu wamechoka na magari ya aina hii watazame Suzuki Jimny mpya ya 2018, iliyowapanga Wajapani foleni kuisubiri. Hamu ya wateja haikufa. Walichokosa ni Pajero mpya ya kuinunua.

Ushahidi mwingine uko Thailand. Kiwanda cha Mitsubishi cha Laem Chabang kimekuwa kikitengeneza Pajero Sport tangu 2008, gari lililojengwa juu ya chesisi ya pikapu inayojulikana kwetu kama L200. Thailand ni nchi inayopenda pikapu na inayozitoza kodi nafuu, kwa hiyo chesisi hiyo ina wateja tele nyumbani na nje, na Pajero Sport inabebwa na wingi huo. Majina yanakaribiana, lakini hesabu zao ni tofauti kabisa: gari moja lilibeba gharama za muundo wake peke yake, lingine linabebwa na pikapu. Sakahogi ilipofungwa, kazi ya kuunda magari mengine yaliyotoka huko, Outlander na Delica, ilihamishiwa Okazaki, na majengo yakanunuliwa na kampuni ya karatasi ya Daio Paper.

Mapenzi yetu sisi wa Afrika Mashariki kwa Pajero hayakuwa na uwezo wa kubadili hesabu hiyo. Pajero nyingi zilizoshuka Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha kutumika Japani, na mnunuzi wa gari lililotumika humlipa muuzaji, msafirishaji na serikali ya nchi yake, wala kiwanda hakipati chochote isipokuwa labda bei ya spea. Kenya huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane. Kanuni hiyo isipobadilika, Pajero za mwisho za soko la Japani, zilizotengenezwa 2019, hazitapokelewa tena baada ya 2026. Kwa nchi zetu zinazotamani viwanda vya magari, funzo la Sakahogi ni bayana: kabla ya kuuliza kiwanda kijengwe wapi, tuulize nani hapa nyumbani atanunua gari jipya, mwaka baada ya mwaka. Kiwanda kisicho na jibu la swali hilo hakitaokolewa na sifa, hata ziwe za ushindi 12 wa Dakar.